Barua ya wazi kutoka Moshi: "Nilimtambua kwa sauti" ipimwe mapema

Kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, Mkurugenzi wa Upelelezi wa Makosa ya Jinai, na Mheshimiwa Jaji Mkuu.
Nakala kwa Makamanda wa Polisi wa Mikoa ya Kilimanjaro na Arusha.

Waheshimiwa,

Kwenye majalada ya unyang'anyi na ubakaji wa usiku kuna maneno yanayojirudia: "Sikumwona sura, lakini nilimtambua kwa sauti." Ombi langu kwenu ni moja. Maneno hayo yakitamkwa kituoni, yachukuliwe kuwa dai linalohitaji kupimwa, na yapimwe ndani ya wiki za mwanzo, kwa utaratibu ulioandikwa, kabla ofisi ya mashtaka haijaamua kuendelea na kesi. Nawaandikia nyote kwa pamoja kwa sababu polisi peke yao hawawezi kuutunga utaratibu huo, na mahakama ikiachiwa mzigo mwishoni huwa imeshachelewa.

Mimi ni fundi mitambo wa redio mstaafu. Nimefanya kazi studio za Arusha kisha Moshi, nikiwarekodi watu wa kila namna: wachungaji, wakulima wa kahawa, wanasiasa, watoto wa shule. Kazi hiyo ilinifundisha kuiheshimu sauti na pia kuiogopa. Nimepokea simu za wasikilizaji wa miaka mingi wakimpongeza mtangazaji kwa kipindi alichokisoma mwenzake. Watu hao walikuwa wamekaa sebuleni, wametulia, spika ni safi, na sauti ile wanaisikia kila asubuhi. Sasa mfikirieni mtu aliyelazwa kifudifudi saa nane usiku, panga liko shingoni, mvua inapiga bati, na alichosikia ni "lala chini, toa hela".

Najua kwa nini ushahidi huu unaaminika sana kwetu. Huku mlimani nyumba zimefichwa ndani ya vihamba. Jioni ikiingia, migomba na kahawa vimefunga njia, humwoni anayepita. Unamjua kwa kikohozi chake, kwa namna anavyobisha hodi, kwa namna anavyoitikia salamu. Bibi zetu walimjua kila mpita njia bila kuchungulia dirishani. Kwa hiyo mama wa Uru au Marangu anaposema mahakamani kwamba aliijua sauti, anasema kwa moyo safi. Sijawahi kufikiri kwamba mashahidi hawa ni waongo, na barua hii haiwatuhumu. Shahidi mkweli kabisa, aliyeapa na kumaanisha kiapo chake, anaweza kumtaja mtu asiye yeye. Hapo ndipo penye hatari, maana uongo hufichuka kwa maswali ya wakili, na kukosea kwa nia njema hakufichuki hivyo. Shahidi wa aina hii hatetereki. Anaamini.

Tena mambo mawili huchanganyika bila mtu kujua. Moja ni kumtambua mtu, jingine ni kutambua anakotoka. Yeyote aliyekulia hapa humtofautisha Mrombo na Mmachame kwa Kiswahili chao tu, kabla hata hawajagusa Kichaga. Basi jambazi akifoka kwa lafudhi ya Rombo, na mtaani kwenu Pasua au Majengo kijana wa Rombo mnayemjua ni mmoja, jina lake linakuja mdomoni lenyewe. Kumbe kilichotambuliwa ni lafudhi ya maelfu ya watu. Ndugu wa tumbo moja nao hufanana sauti. Kila familia ina hadithi ya mtu aliyepiga simu akamsalimia mtoto akidhani anaongea na baba. Watafiti wameonyesha pia kwamba tunatambua vizuri zaidi sauti za watu wanaosema lugha tunayoielewa kuliko wanaosema lugha ngeni. Katika mji kama Arusha, ambako usiku mmoja unaweza kusikia Kimaasai, Kimeru, Kiiraqw na Kichaga kwenye mtaa mmoja wa Ngarenaro, jambo hilo halipaswi kupita bila kuulizwa: waliovamia walisema lugha gani, na shahidi anaijua?

Kuhusu kumbukumbu, kuna utafiti wa zamani ambao natamani kila mpelelezi angeusoma. Mwaka 1932 Charles Lindbergh, rubani maarufu wa Marekani ambaye mwanawe alitekwa na kuuawa, alisikia maneno mawili tu yakiitwa gizani kutoka makaburini, wakati fedha za kumkomboa mtoto zinapelekwa. Zaidi ya miaka miwili baadaye alisimama mahakamani akasema sauti ile ilikuwa ya mshtakiwa, na mshtakiwa akauawa kwa kiti cha umeme mwaka 1936. Mwanasaikolojia Frances McGehee alijiuliza kama jambo hilo linawezekana. Akawasikilizisha watu msomaji wasiyemjua, aliyekaa nyuma ya pazia, kisha akawarudisha baada ya muda tofauti kumtafuta kati ya wasomaji wengine. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1937 yalikuwa haya: baada ya siku moja, 83 kati ya 100 walimpata. Baada ya wiki moja, 81. Baada ya wiki tatu, 51. Baada ya miezi mitatu, 35. Baada ya miezi mitano walibaki 13. Hao hawakuwa na panga shingoni.

Kesi zetu husikilizwa baada ya muda gani? Waheshimiwa mnajua kuliko mimi.

Mahakama zetu hazijalala katika hili, na napenda kulisema wazi. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani iliweka masharti ya utambuzi wa macho ambayo kila wakili nchini anayajua: mwanga, umbali, muda, kama shahidi alimjua mtu huyo kabla. Mwaka 1984 ilisema kwamba utambuzi wa sauti peke yake si wa kutegemewa sana, na baadaye ikauweka miongoni mwa ushahidi dhaifu kabisa, ikikumbusha kwamba mtu anaweza kuigiza sauti ya mwenzake. Majirani zetu Kenya, mwaka 1985, walikubali kwamba sauti inaweza kubeba uzito kama sura, ila kwa masharti: ithibitike kuwa sauti ni ya mshtakiwa, shahidi awe aliizoea na akaitambua, na mazingira ya wakati ule yasiwe ya kukosea. Mwaka 2002 Mahakama yetu ya Rufani ilisema pia kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni dalili muhimu ya kuaminika. Namba za McGehee zinasema vivyo hivyo kwa lugha nyingine.

Lakini maonyo hayo yote hutolewa mwishoni, kwenye rufaa. Mwanzoni, kituoni, sauti inapotajwa kwa mara ya kwanza, mpelelezi ana nini mkononi? Gwaride la utambuzi analolijua, yaani mtuhumiwa kupangwa na watu wengine ili shahidi amchague, ni la sura. Hata hivyo mbegu ilipandwa zamani. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipoweka kanuni za gwaride mwaka 1936, ilisema kwamba shahidi akitaka kumwona mtuhumiwa akitembea au kumsikia akiongea, afanyiwe hivyo, na kwa tahadhari gwaride zima lifanye hivyo. Na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi mamlaka ya kurekodi sauti ya mshtakiwa kwa ajili ya utambuzi, sambamba na alama za vidole na picha. Mamlaka yapo. Kinachohitajika ni maelekezo ya namna ya kuyatumia bila kumharibu shahidi.

Maana shahidi huharibika kirahisi mno. Nilikaa nyuma ya chumba cha mahakama kimoja cha mkoa huu nikimsikiliza mama mwenye duka akieleza alivyomtambua kijana aliyeshtakiwa kwa kumvamia. Nilimwonea huruma na namheshimu hadi leo. Alisema aliitwa kituoni, akasimama kaunta, kijana akaletwa, askari akamwuliza kijana jina lake na anakokaa, akajibu. Kisha mama akaulizwa: "Ndiye huyu uliyemsikia?" Akasema ndiye. Angesema nini? Ilikuwa sauti moja, ya mtu mmoja aliyekwisha kukamatwa. Tangu siku ile sauti aliyoibeba kichwani haikuwa tena ya usiku wa tukio, ilikuwa ya kaunta. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, kijana alikaa mahabusu hadi shauri lilipoondolewa. Hakuna anayejua mpaka sasa kama alikuwa yeye. Kama hakuwa yeye, aliteseka bure. Kama alikuwa yeye, mama yule hakupata haki yake, na hawezi kuipata tena, kwa sababu kipimo pekee kilichokuwepo kilichezewa siku ya kwanza.

Naomba mlizingatie hili la pili, kwa kuwa ni mara chache kulisikia likisemwa. Watu hudhani anayedai tahadhari anawatetea wahalifu. Mwanamke aliyebakwa kwenye nyumba isiyo na umeme, mzee asiyeona aliyeporwa pensheni yake, mlinzi aliyefungwa kitambaa usoni: hawa hawana kingine zaidi ya sauti. Sitaki ushahidi wao utupwe. Ukikusanywa ovyo, ama hakimu ataukataa, ama utapita kwanza kisha uanguke kwenye rufaa baada ya miaka, na aliyeumizwa ataambiwa kwamba ushahidi wake ni dhaifu. Udhaifu huo mara nyingine umetengenezwa na sisi.

Adhabu yenyewe mnaijua: miaka 30 kwa uchache. Mwaka 2016 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa hapo Arusha, ilitoa hukumu juu ya mtu aliyehukumiwa Moshi kifungo hicho kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ikaona kwamba haki yake ilikiukwa, pamoja na mengine, kwa kutiwa hatiani kwa maelezo ya mtu mmoja yenye mikinzano. Shauri lile halikuhusu sauti, lakini linaonyesha pa kuanzia kusafisha.

Gwaride la sauti linawezekana. Uingereza ilitoa mwongozo wake kwa polisi mwaka 2003, nao hauhitaji mashine za ajabu. Sauti ya mtuhumiwa inachanganywa na nyingine nane za watu wa umri na lafudhi inayolingana, kila moja kwa takribani dakika moja, zote zikisema maneno ya kawaida na si maneno ya tukio. Lifanyike ndani ya wiki nne hadi sita tangu tukio. Mtaalamu wa fonetiki, yaani taaluma ya sauti za lugha, huhakikisha kwamba hakuna sauti inayojitenga na wenzake. Shahidi anaambiwa kwamba sauti anayoitafuta huenda haimo. Msimamizi si yule anayepeleleza kesi.

Hapa kwetu ningeongeza kidogo. Anayecheza sauti asijue ipi ni ya mtuhumiwa, kwa sababu hata kuinua nyusi kunatosha kumwelekeza mama aliyejaa hofu. Kabla ya yote, maelezo ya kwanza ya shahidi yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe: alisikia maneno mangapi, ya kunong'ona au ya kufoka, kwa lugha gani, kwa muda gani, umbali gani; mtu huyo alimjua tangu lini na mara ya mwisho waliongea lini. Na liulizwe swali ambalo silioni kwenye maelezo mengi: kabla hujaja kituoni, nani alikutajia jina? Asubuhi ya tukio majirani hujaa uani, mmoja anasema "hiyo ni kazi ya fulani", na kufikia mchana kila aliyesikia sauti amesikia sauti ya fulani. Wakili wa utetezi, au ndugu pale ambapo wakili hayupo, awepo akisikiliza. Zoezi zima lirekodiwe, pamoja na sekunde ambazo shahidi alisitasita.

Shahidi anayesema alimzoea mtuhumiwa naye apimwe. Najua hoja itakuja kwamba mtu aliyekaa nyumba ya pili kwa miaka hahitaji gwaride. Kama kweli anamjua, ataichagua sauti yake kati ya tisa bila taabu, na kesi ya Jamhuri itakuwa na nguvu zaidi. Asipoichagua, afadhali tujue mwezi wa kwanza.

Sauti zilizorekodiwa ni suala jingine, nalo linakua haraka. Siku hizi jalada linakuja na voisi za WhatsApp, na simu za kutishia au kudai fedha. Simu ya kawaida hupitisha mawimbi ya takribani hetsi (mitetemo kwa sekunde) 300 hadi 3400 tu. Kila kilicho chini na juu ya hapo kinakatwa, na baadhi ya vitu vinavyoitofautisha sauti ya mtu vinakatwa navyo. Fundi yeyote wa studio anaweza kuwaonyesha hili kwa dakika tano. Ndiyo maana naogopa nikisikia mtu akisema sauti ni sawa na alama ya kidole. Mwaka 1962 mtafiti wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, Lawrence Kersta, alitangaza kwamba michoro ya sauti inatambua watu kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 99, na mahakama kadhaa za Marekani zikaipokea. Mwaka 1979 jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha nchi hiyo, lililofanya kazi kwa ombi la FBI, shirika lao la upelelezi, likaona kwamba madai hayo hayana msingi wa kutosha wa kisayansi. Hata hivyo miaka ya 1980 kijana mmoja wa Texas alifungwa kwa ubakaji, michoro ya sauti za kwenye mashine ya simu ya mlalamikaji ikiwa sehemu ya ushahidi. Akatoka mwaka 2001, baada ya miaka 15, vinasaba vilipoonyesha kwamba hakuwa yeye. Mtu hawezi kulitamka neno moja mara mbili kwa namna ileile kabisa. Mafua, pombe, hofu na kukimbia vyote hubadilisha sauti. Mtaalamu mwaminifu atasema ushahidi unaelemea upande gani na kwa kiasi gani. Anayesema "ni yeye, asilimia mia" aulizwe maswali makali sana.

Kuna na hili la usajili wa laini. Tangu 2020 laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na nasikia hoja kwamba laini ni ya fulani, basi aliyeongea ni fulani. Usajili unaonyesha nani aliweka kidole. Nani alishika simu usiku ule ni swali la pekee yake, hasa katika nchi ambayo mtu humsajilia laini mama yake, shamba boi wake na mpwa wake aliyepoteza kitambulisho. Na sasa kompyuta zinaigiza sauti ya mtu kwa kipande kifupi tu cha maongezi yake. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba mkuu wa kampuni moja Uingereza alituma euro 220,000 akiamini anaongea kwenye simu na bosi wake wa Ujerumani. Aliifahamu sauti ya bosi wake. Alikuwa na hakika.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 tayari inaitaka mahakama iangalie jinsi rekodi ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, na aliyeitoa alivyotambuliwa. Basi kituoni kusiwe na desturi ya kupiga voisi kwa spika na kuirekodi kwa simu ya askari. Simu ya asili itunzwe, faili litolewe zima bila kukatwa, na utetezi upewe nakala kamili ili nao wapate mtu wa kuisikiliza.

Mji wa Arusha una historia ya kusikiliza sauti kwa umakini. Tangu 1995 hadi 2015, katika majengo ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilisikiliza kanda za RTLM, redio iliyochochea mauaji hayo, zikafasiriwa neno kwa neno huku majaji wakisikiliza. Mwaka 2008 ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi miaka 15 kwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani mwaka 1994. Baadhi ya Watanzania waliofanya kazi pale, mafundi, makarani na watunza kumbukumbu, bado wanaishi Njiro, Sakina na Usa River. Waiteni.

Kwa hiyo naomba hivi. Mkurugenzi wa Upelelezi atoe maelekezo ya gwaride la sauti, na kumsikilizisha shahidi mtu mmoja pale kaunta kukatazwe mara moja, bila kusubiri mwongozo kamili. Mkurugenzi wa Mashtaka awaelekeze mawakili wa serikali wasiendelee na shauri linalosimama juu ya sauti peke yake kama sauti hiyo haikupimwa. Jaji Mkuu aone uwezekano wa kanuni au mwongozo kwa mahakimu, ili hakimu wa wilaya ajue maswali ya kuuliza bila kusubiri kukosolewa na Mahakama ya Rufani. Kilimanjaro na Arusha ziwe mikoa ya majaribio. Studio zipo, vyuo vyenye walimu wa isimu vipo, na sauti za kuchanganya zinaweza kurekodiwa sokoni Kiboriloni au stendi ya Arusha kwa ridhaa ya wenyewe, kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Niko tayari kuja kituo chochote mtakachokitaja, na vifaa vyangu, kuonyesha namna sauti tisa zinavyoandaliwa zikalingana kwa ukubwa na usafi. Sihitaji malipo. Nitashukuru kupata jibu la maandishi, hata likiwa fupi, ili niwaonyeshe wenzangu walionisukuma kuandika.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Fundi mitambo mstaafu wa redio,
Njoro, Moshi